Ukitathmini mradi wa maji, nenda mwezi wa kumi

Ripoti yangu ya kwanza ya athari za mradi wa maji niliiandika Aprili, masika yamekolea. Ilikuwa nyanda za juu mkoani Iringa, mradi wa mserereko (maji hushuka yenyewe kwa mteremko, bila pampu) wa kijiji cha watu kama 3,000. Tuliziba kijito kwa udongo, tukapitisha kipande cha bomba, tukakinga ndoo ya lita 20. Sekunde 8, imejaa. Mhandisi akatabasamu, nami nikaandika kwamba athari kwa wanaotumia maji huko chini ni ndogo.

Oktoba nilipita tena pale kwa shughuli nyingine, nikaazima ndoo. Sekunde 20.

Hebu piga hesabu. Hiyo ni lita 1 kwa sekunde, yaani lita 86,400 kwa siku. Sera ya Maji ya 2002 ilimkadiria mtu wa kijijini lita 25 kwa siku, kwa hiyo kijiji kinataka 75,000. Kijito kinabakiwa na 11,400, na hapo bomba halijaanza kuvuja.

Chini ya banio, yaani kizuizi ambapo bomba la kijiji huchukua maji kijitoni, kuna vinyungu. Kwa asiyeijua Iringa na Njombe, hizo ni bustani za bondeni zinazolimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki: maharage, mboga, mahindi ya kuchoma. Kaya nyingi hulipia daftari na sare za watoto kwa mboga hizo. Kwenye ripoti yangu neno vinyungu halimo. Mkutano wa kijiji ulifanyika, mahudhurio yakasainiwa, hakuna aliyelitaja. Nikamuuliza mama mmoja niliyemkuta anapalilia kwa nini walinyamaza.

"Mwanangu, ulikuja na watu wa serikali. Tungesema tunalima mtoni, si mngetufukuza?"

Alikuwa na haki ya kuogopa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu chanzo, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Mimi nilikuja na muhtasari wa kusainiwa, nikauita ushirikishwaji.

Siku hizi napima maji kiangazi kinapoisha. Mkataba ukinilazimisha kwenda masika, naomba wazee wanionyeshe maji yalipoishia mwaka wa ukame. Kabla ya mkutano wowote nashuka na kijito kwa miguu, nikiandika kila kinachonyweshwa, kila ng'ombe anapokunywa, bila kuandika jina la mwenye kinyungu. Halafu nakaa na akina mama kwenye chanzo, mwenyekiti hayupo, nawaeleza kwanza ninachokwenda kuandika.

Fidia ya mazao njia ya bomba na matope kwenye vituo vya kuchotea sivisemi sana. Vimo hata kwenye ripoti za kunakiliwa. Kinachokosekana ni tarakimu ya maji yatakayoachwa mtoni. Iandike, maana Bodi ya Maji ya Bonde ikitoa kibali cha kuchukua maji mtoni itahitaji pa kusimamia. Kisha hakikisha imo kwenye mchoro wa banio: bomba la mto, linaloyaachia maji yaendelee kijitoni, likae chini kuliko la kijiji, ili kiangazi mto upate wa kwanza.

Kijiji kingine bomba hilo lilijengwa, na fundi akataka kulifunga eti linamwaga maji bure. Ilibidi nishuke naye mpaka kwenye maharage.