Winga amekauka mabao na mkataba unaisha: asainiwe tena au abadilishwe?

Mtoa mada ameuliza hivi: timu yake ya NHL (ligi ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini) ina winga wa miaka 28. Misimu mitatu iliyopita alifunga mabao 26, 28 na 25, msimu huu mechi 60 ana 11. Analipwa dola milioni 6 kwa mwaka kwa mkataba wa miaka mitano aliosaini 2021. Ukiisha Juni 30 anakuwa mchezaji huru kamili, na muda wa kubadilishana wachezaji unafungwa mapema Machi. Wachangiaji karibu wote wamejibu "auzwe". Mkuu, usimuuze kwanza. Kuna hesabu ya dakika kumi ya kufanya kabla hujafungua mdomo.

Kwa waliozoea soka: huku hakuna ada ya uhamisho. Huwezi kumuuza mtu ukaweka pesa benki kama Simba au Yanga wanavyofanya. Mchezaji anatoka kwa mchezaji mwingine, kwa haki za chipukizi, au kwa chaguo la drafti, yaani zamu ya kuchagua chipukizi wapya, raundi kwa raundi. Akifika Julai 1 hajasaini, anaondoka na wewe hupati hata senti. Hapo ndipo presha ya Machi inapotokea, na meneja mwenzio anajua unayo.

Sasa hesabu. Usianze na mabao, anza na mashuti yaliyolenga goli. Tuseme kwenye ile misimu mitatu alipiga jumla ya mashuti 630 na kufunga 79. Hiyo ni asilimia 12.5. Msimu huu ana mashuti 150 kwa mechi 60, yaani 2.5 kwa mechi, na zamani alikuwa 2.6. Kwa hiyo bado anafika kwenye nafasi, ila kisahani (ndiyo mpira wa huku) hakiingii: 11 kwa 150 ni asilimia 7.3. Kwa kiwango chake cha kawaida angekuwa na mabao 19 hivi.

Je, pengo la mabao 8 linaweza kuwa bahati mbaya tu? Chukua 150, zidisha kwa 0.125, zidisha kwa 0.875, tafuta kipeo cha pili. Unapata 4 na kidogo. Maana yake bahati peke yake humsogeza mchezaji huyu mabao manne juu au chini bila mtu kushangaa, na manane ni mara chache lakini hutokea. Ligi ina timu 32 na kila moja ina washambuliaji 12 wanaocheza kila mechi. Kila msimu lazima wapatikane kadhaa waliofikwa na hiyo "mara chache", na ndio hao hao tunaowafungulia nyuzi za kuwatukana.

Mfano ninaoupenda ni Taylor Hall. Msimu wa 2020-21 pale Buffalo alifunga mabao 2 kwa mechi 37. Mawili! Mtu aliyekuwa mchezaji bora wa ligi 2018. Aprili 2021 Buffalo wakampeleka Boston pamoja na Curtis Lazar, wakapokea Anders Bjork na chaguo la raundi ya pili, na bado wakabeba nusu ya mshahara wake. Boston akafunga 8 kwa mechi 16. Mikono ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni wenzake kwenye laini (washambuliaji watatu wanaoingia uwanjani pamoja), na ile asilimia ya mashuti kurudi inakokaa siku zote.

Lakini tusijidanganye kwamba kila ukame ni bahati. Kama yale mashuti yangekuwa 105 badala ya 150, ningekwambia habari nyingine kabisa. Mashuti yakishuka toka 2.6 hadi 1.75 kwa mechi, mtu huyo hafiki tena anapopaswa kufika. Sababu huwa ni miguu, jeraha au kocha, na hizi tatu zina bei tofauti sokoni.

Ya kocha ndiyo rahisi kuiona. Fungua dakika zake za pawaplei, pale mpinzani anapotumikia adhabu ya dakika mbili na nyie mko watano kwa wanne. Kikosi cha kwanza hukaa uwanjani zaidi ya dakika moja kati ya hizo mbili, cha pili kinaokota makombo. Winga aliyekuwa akifunga mabao 8 au 9 kwa mwaka kwenye pawaplei, akishushwa kikosi cha pili Novemba, mabao hayo yamempotea bila yeye kuharibika. Angalia pia nani anacheza naye katikati. Winga bila senta wa kumfikishia kisahani ni kama dereva aliyenyang'anywa funguo.

Jeff Skinner ni darasa zima hapo. 2018-19 alifunga 40 Buffalo akicheza na Jack Eichel, akapewa miaka 8 kwa dola milioni 72. Msimu uliofuata 14, uliofuata tena 7 kwa mechi 53, huku kocha Ralph Krueger akimshusha hadi laini za chini na kumweka nje mechi kadhaa. Krueger akafukuzwa Machi 2021, mrithi wake Don Granato akampandisha Skinner, na misimu miwili iliyofuata Skinner akafunga 33 na 35. Aliyemwita "amekwisha" mwaka 2021 alikosea. Aliyempa miaka 8 mwaka 2019 alikosea pia, na hilo nitalirudia chini.

Ya miguu na jeraha inahitaji macho na takwimu pamoja. Tangu msimu wa 2023-24 ligi ina ukurasa wa wazi wa NHL EDGE, unaoonyesha kasi ya juu ya kila mchezaji, mara ngapi amevuka maili 20 kwa saa (kama kilomita 32), na mashuti yake yametoka eneo gani. Usishughulike na kasi ya juu kabisa, hata mzee hufikia kasi yake siku moja ya Oktoba. Hesabu idadi ya zile mbio za maili 20 kwa kila mechi, ulinganishe na mwaka jana. Zikipungua kwa theluthi katika umri wa miaka 28, swali la kwanza ni nyonga au kinena, uzee uje baadaye. Halafu tazama ramani ya mashuti. Ukiona yale ya mbele ya goli yamehamia kwenye duara za pembeni na kule mbali kwenye mstari wa bluu, jumla inaweza kubaki 2.5 kwa mechi huku thamani yake imeanguka. Hapo ile hesabu yangu ya juu haifanyi kazi tena, maana imechukulia kwamba mashuti ni ya aina ile ile.

Kifundo cha mkono hakionekani kwenye kasi. Kinaonekana kwenye video. Mtazame akipewa pasi ya kupiga moja kwa moja kwenye pawaplei. Mwenye mkono mzima anapiga kisahani kikiwa bado kinatembea. Mwenye maumivu anakipokea, anakituliza, anakisogeza mbele kidogo, ndipo anapiga. Mguso huo mmoja wa ziada unampa kipa muda wa kuteleza toka nguzo hadi nguzo. Kwenye takwimu utaona ni shuti kama mashuti mengine, limeokolewa. Tazama kama ishirini za msimu huu na ishirini za mwaka juzi. Ukiona mguso huo umeongezeka, muulize daktari wa timu kabla ya kumuuliza mhasibu.

Mkitoka hapo mtakuwa na jibu moja kati ya mawili: ni mzima ila bahati na matumizi vimemwangusha, au ameshuka kweli. Wengi hudhani jibu la pili maana yake ni kumtoa na la kwanza ni kumbakiza. Si lazima. Swali la kibiashara ni nani atafaidi akirudi kwenye fomu, na kwa bei gani.

Tuanze na bei. 2021 kikomo cha mishahara, yaani jumla ambayo timu hairuhusiwi kuivuka, kilikuwa dola milioni 81.5, kwa hiyo milioni 6 zake zilikuwa asilimia 7.4 ya kikomo. Msimu wa 2025-26 kikomo ni milioni 95.5, na wa 2026-27 kimepangwa kuwa milioni 104. Wakala wake atakuja na asilimia ile ile ya 7.4, ambayo sasa ni kama milioni 7.65. Akikwambia "hatujaomba nyongeza, ni kiwango kile kile", hajasema uongo, lakini anauza mabao 26 wakati mezani kuna 11. Jibu la meneja ni kulipa makadirio ya mbele: mchezaji wa mabao 20 hadi 22, akiingia miaka 29. Kwa macho yangu hiyo ni milioni 5.25 hadi 5.5, karibu asilimia 5 ya kikomo kipya. Kwa mtazamo huo unapunguza mzigo bila kumpunguzia sana pesa mkononi, na ndiyo sababu huu ni wakati mzuri wa kuongea naye, kabla hajafunga sita katika mechi tano.

Muda wa mkataba una uzito kuliko pesa. Kanuni za hadi Septemba 2026 zinaruhusu timu yake impe hadi miaka 8, na nyingine hadi 7. Makubaliano mapya yanayoanza Septemba 2026 yanashusha hadi 7 na 6. Mtu wa miaka 28 ukimpa 8 unamlipa mpaka miaka 36 au 37. Mimi nisingevuka minne. Wakala akitaka mmoja au miwili ili aje kuvuna kikomo kinapopanda, mpe miwili kwa furaha. Unachokosa ni bei nafuu ya baadaye, ila kosa likitokea linaisha lenyewe.

Calgary walifanya kinyume na hapa. Julai 2022 walimpokea Jonathan Huberdeau kutoka Florida, katika biashara iliyompeleka Matthew Tkachuk upande wa pili. Alikuwa ametoka kwenye msimu wa pointi 115 (mabao yake pamoja na pasi za mabao). Agosti, kabla hajacheza hata mechi moja kwao, wakampa miaka 8 kwa milioni 10.5 kila mwaka. Msimu wake wa kwanza: pointi 55. Wa pili: 52. Na mkataba ule wa miaka 8 ulikuwa haujaanza mpaka huo msimu wa pili. Vancouver nao Machi 2024 walimpa Elias Pettersson miaka 8 kwa milioni 11.6, msimu uliofuata akamaliza na pointi 45 kwa mechi 64, kisha Julai 1, 2025 kipengele chake cha kutohamishwa kikaanza kazi. Baada ya tarehe hiyo haendi popote bila yeye kukubali. Kwa hiyo usitazame mwaka wa mwisho tu, soma kila kipengele kinaanza lini. Kama lazima utoe ulinzi, toa orodha ya timu kumi anazoweza kuzikataa, na iishie mwaka wa pili.

Muundo wa malipo nao una mtego. Mkataba ukivunjwa kwa fidia, mwenye miaka 26 na zaidi hulipwa theluthi mbili ya mshahara uliobaki, ukigawanywa kwa mara mbili ya miaka iliyobaki. Miaka miwili ya milioni 5.5 inakuwa kama milioni 1.83 kwa miaka minne. Inauma kidogo, inavumilika. Ila bonasi ya kusaini haipunguzwi, hulipwa yote. Mkataba uliojaa bonasi hauvunjiki kwa faida, na mawakala wanajua, ndiyo maana wanaziomba miaka ya mwisho. Buffalo walipomvunjia Skinner Juni 2024 akiwa na miaka mitatu, mzigo ulienea miaka sita, na msimu wa 2026-27 peke yake unawala dola milioni 6.44 kwa mtu ambaye hayupo.

Upande wa kumtoa: winga mwenye mabao 11 Machi hatoi chaguo la raundi ya kwanza, hata mkilia. Tarajia raundi ya pili au ya tatu. Njia ya kuipandisha ni kubeba sehemu ya mshahara. Ruhusa ni hadi asilimia 50, mikataba isiyozidi mitatu kwa wakati mmoja, na kwa kuwa mkataba wake unaisha Juni, mzigo huo haukufuati msimu ujao. Ukimbeba nusu, timu inayomchukua inamhesabu kama mtu wa milioni 3, na timu za juu ambazo hazina nafasi kwenye kikomo zinaweza kupiga simu. Bila hivyo wanunuzi wako ni wawili au watatu. Kingine, kama ana kipengele cha kutohamishwa, omba orodha ya timu anazozikubali Januari, usingoje Machi. Hall alikuwa na kipengele hicho na akataka Boston. Anayejua kwamba ndiye mnunuzi pekee hatoi zaidi.

Kama yeye ni mzima na nyie hamko kwenye mbio za mtoano, kuna mpango wa tatu ambao sijaona mtu akiutaja humu: tafuteni winga wa timu nyingine aliye kwenye ukame kama wake, mwenye mkataba mrefu kidogo, mbadilishane. Juni 2024 Los Angeles walimtoa Pierre-Luc Dubois, aliyetoka msimu wa pointi 40 kwa milioni 8.5, wakamchukua kipa Darcy Kuemper, mtu kwa mtu. Washington wakampa Dubois nafasi ya senta laini za juu na akafikisha pointi 66. Kuemper naye akadaka vizuri Los Angeles. Biashara ya vilio viwili haivutii kwenye vichwa vya habari, lakini hakuna aliyeuza kwa bei ya kutupa.

Kwa mtu wako, mtoa mada, nikichukulia mashuti 150 na ramani isiyobadilika: wiki tatu kabla ya muda wa kubadilishana kufungwa, weka mezani miaka minne kwa milioni 5.4, bila bonasi kwenye miaka miwili ya mwisho. Mpe wakala siku kumi. Akirudi na miaka 6 au zaidi ya milioni 6.5, msibishane, anzeni kupiga simu mkiwa tayari kubeba nusu. Na kama video ikionyesha ule mguso wa ziada, msimpe ofa yoyote kabla ya picha ya kifundo.