Kabla hujakaa kwenye mtihani wa daraja E: maneno kwa utingo wa Mtwara na Lindi

Wadogo zangu mnaozunguka na malori ya korosho, saruji na makaa ya mawe, mnaolala juu ya turubai na kuamka na jeki mkononi, haya nawaandikia nyie. Nilikaa utingo miaka sita kabla ya kushika usukani kwa leseni yangu mwenyewe, na mtihani wa nadharia wa leseni ya daraja E, yaani ya lori kubwa la mizigo, uliniangusha mara ya kwanza.

Niliingia kwenye chumba cha mtihani nikiwa na uhakika wote. Gari nalijua: nimelala chini yake, nimebadilisha tairi usiku wa mvua pale Somanga, nimekaza kamba za mzigo mpaka mikono ikatoka malengelenge. Nikatoka nimeanguka. Iliniuma, kwa sababu kijana niliyekaa naye jirani hakuwahi kubeba hata spana na alipita. Nilipotulia ndipo nikaelewa. Mtihani haukuulizi umezoea kufanya nini. Unakuuliza sheria inasemaje, na mara nyingi inasema hivyo kwa sababu gani. Sisi tuliojifunzia kwenye kiti cha utingo tuna majibu ya mazoea, na baadhi ya mazoea hayo ni makosa tuliyoyaona yakifanywa na watu tunaowaheshimu.

Chukua swali la mwendo. Lori lenye uzito unaozidi kilo 3,500, nje ya makazi, mwisho wake ni kilomita ngapi kwa saa? Mimi nilijibu kwa kukumbuka mshale wa dashibodi usiku kati ya Nangurukuru na Lindi. Jibu la Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ni 80, na kwenye makazi ni 50. Ukikariri hizo namba mbili peke yake zitakuchanganya ukiwa na woga. Zifanyie hesabu zikae. Gawa mwendo kwa 3.6 upate mita kwa sekunde. Kwenye 80 gari linakula mita 22 kila sekunde. Mtoto akitokea, dereva mzima asiyechoka anatumia kama sekunde moja na nusu kuona, kuelewa na kuhamisha mguu. Tayari ni mita 33, na breki haijaguswa. Kwenye 50 ni mita 14 kwa sekunde. Sasa pita Ndanda saa ya wanafunzi kutoka shule, au Mtama siku ya gulio, uangalie wanavyovuka. Ukishaona hivyo, 50 haitakutoka kichwani mpaka unazeeka.

Hiyo ndiyo njia niliyosomea mara ya pili: kila kanuni niliitafutia sababu yake kwenye barabara zetu. Nikishindwa kuipata sababu, namuuliza mtu.

Breki za upepo ndizo zinazowaangusha wengi, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi. Mzee niliyekuwa naye kwenye gari alikuwa na tabia moja ambayo kwa miaka niliiona ni ya kiutu uzima tu. Jioni tukifika yadi anaingia chini ya chasisi na kuvuta vale za mitungi ya upepo, moja baada ya nyingine. Siku niliyoanguka mtihani aliniita chini. Akaushika mkono wangu, akaukinga chini ya vale, akavuta. Upepo ukatoka kwa kishindo na pamoja nao maji meupe kama maji ya kusukutua chupa ya maziwa, yana utelezi wa oili, yakanijaa kiganjani. Akaniambia, "Haya ulikuwa unatembea nayo kwenye breki." Kisha akanieleza taratibu. Kompresa inavuta hewa ya nje, na hewa ya pwani kwetu ina unyevu mwingi. Ikigandamizwa inapata joto, ikifika kwenye mtungi inapoa, na unyevu unageuka maji. Maji yakijaa, nafasi ya upepo inapungua, na vale zinaota kutu. Swali la kwa nini mitungi ifunguliwe maji kila siku sikulikosa tena.

Kuna mtego mwingine humo humo. Watu wengi wanaamini upepo ukiisha wote, lori linabaki bila breki na litakimbia. Kwenye magari yenye breki za springi ni kinyume. Ile springi nene iliyo ndani ya chemba ya breki inataka kubana muda wote. Upepo ndio unaoizuia. Ndiyo maana asubuhi unasubiri mshale upande kabla gari halijakubali kuondoka. Upepo ukishuka sana ukiwa njiani, taa na kengele zitakuonya kwanza, kwenye magari mengi karibu na bar 4, na ukiendelea kukaidi springi zitabana zenyewe, hata kama uko katikati ya kona. Kwa hiyo kengele ikilia jibu ni moja: tafuta mahali salama usimame, utafute panapovuja. Hata ukimwona dereva mzoefu anaigonga dashibodi na kuendelea, usiandike hivyo kwenye karatasi, na usifanye hivyo barabarani.

Mabomba mawili yanayotoka kwenye kichwa kwenda kwenye tela myajue kwa rangi na kazi. Jekundu linalisha mitungi ya tela, la njano linapeleka amri mguu wako unapokanyaga. Jekundu likikatika tela linajibana lenyewe. Na kwa kuwa amri hiyo inasafiri kwa upepo ndani ya bomba refu, tairi za nyuma zinachelewa kidogo kushika kuliko kwenye gari dogo la breki za mafuta. Kidogo hicho, kwenye mwendo wa 80, ni mita kadhaa. Kwa hiyo ukiulizwa kwa nini lori liache nafasi kubwa kuliko gari dogo, usiishie kwenye neno "uzito".

Mteremko nao huulizwa. Aliyewahi kushuka kutoka Newala, pale uwanda wa Makonde unapokatika na bonde likafunguka mbele yako, anajua harufu ya breki iliyoungua. Breki inageuza mwendo kuwa joto. Ukikanyaga mfululizo, ngoma za breki na lining'i zinazozibana zinapata moto mpaka hazishiki tena, na mguu unakuta pedeli ngumu lakini gari halipungui. Sharti uchague gia nzito, yaani ya namba ndogo, kabla ya kuanza kushuka, injini ikushikilie, mguu ukanyage kwa vipindi tu. Angalia neno "kabla". Kwenye karatasi yangu kulikuwa na majibu mawili yaliyofanana kabisa isipokuwa hilo, moja likisema upunguze gia kabla ya mteremko na jingine wakati wa mteremko. Nilichukua la pili. Lori lenye mzigo likishashika kasi, gia inaweza kugoma kuingia, ukabaki huru mlimani.

Sasa mizani. Utingo tunajua mizani kama mahali pa foleni na jua. Kwenye mtihani ni hesabu, na hesabu yake ni nyepesi ukiipanga. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ni ya mwaka 2016, na Tanzania ilianza kuitumia tarehe 1 Machi 2019. Ekseli ya mbele ya usukani inabeba tani 8. Ekseli moja yenye tairi nne ni tani 10, mbili zilizoongozana ni 18, tatu ni 24. Gari lolote, hata liwe na ekseli saba, lisizidi tani 56 kwa jumla. Chukua semitela la ekseli sita linalopakia saruji hapa Mtwara: 8 na 18 na 24 ni tani 50. Mifuko 600 ya kilo 50 ni tani 30. Tuseme gari tupu lina tani 17, jumla 47. Hapo wengi wanaandika "gari liko sawa" na kuhama swali. Ngoja kwanza. Mifuko ikirundikwa nyuma, zile ekseli tatu za tela zinaweza kuvuka 24 wakati jumla bado iko chini ya 50, na mizani inapima yote mawili. Wanaopanga mzigo ni sisi utingo pamoja na wapakizi, kwa hiyo hili nalisema kwa msisitizo: mnapopakia msimu huu, chukua kalamu, hesabu safu, jiulize uzito unakaa juu ya ekseli gani. Hakuna darasa zuri kuliko hilo.

Alama za barabarani sitazisemea sana, kila chuo kinazifundisha. Nitasema nilivyofanya mimi. Nilichukua daftari la shule nikatembea kwa mguu kutoka Magomeni mpaka Mikindani, nikachora kila kibao nilichokikuta, na chini yake nikaandika dereva wa lori anatakiwa afanye nini hapo. Pembetatu inaonya, duara lenye ukingo mwekundu linakataza, duara la bluu linaamuru. Cha kusimama kina pembe nane na cha kupisha ni pembetatu iliyogeuzwa chini, na hakuna vingine vyenye maumbo hayo, ili hata kikijaa vumbi au ukikiona kwa mgongo ujue. Kipilefti: unampisha aliye kulia kwako, aliyekwishaingia. Kuchora kunashinda kusoma, kwa sababu mkono haurukii kitu ambacho jicho limekizoea.

Kuhusu njia ya kupita: lori kubwa la mizigo ni daraja E, na huanzi hapo, D inatangulia. Unahitaji leseni ya kujifunzia, chuo kinachotambulika na cheti chake, na VETA tunazo Mtwara na Lindi, msiseme mpaka Dar. Trafiki ndio wanaokutahini, leseni inatoka TRA. Mkiingia kwenye biashara kuna LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ambayo kwa sheria ndiyo inayothibitisha madereva wa vyombo vya usafiri vya kibiashara, nayo ina mtihani wake. Kwa hiyo mkisoma vizuri mara moja mnasomea milango yote miwili. Na atakayekufuata akikwambia ana mtu wake, usihangaike na chuo, mkatae. Nimesaidia kutoa watu kwenye kichwa cha lori kilichopinduka. Sina la kuongeza hapo.

Siku yenyewe, nenda umelala. Usitoke safari ya Tunduru usiku ukaingia kwenye mtihani asubuhi. Nami nilifanya hivyo. Soma kila swali mara mbili, mara ya pili ukitafuta maneno madogo: "si", "isipokuwa", "hatakiwi", "kabla", "lazima". Mimi maswali mawili nilichagua kitu sahihi kabisa ambacho dereva anatakiwa kufanya, wakati swali liliuliza asichotakiwa. Ukiona majibu mawili yote yanafaa, chagua lile linalolinda uhai mapema zaidi. Usimjibu mtahini kama unavyombishia trafiki njiani.

Mkisoma, someni wawili wawili. Mimi nilisoma na mke wangu, ambaye hajawahi kuendesha hata bodaboda. Anashika kitabu, ananiuliza, nikimjibu anasema, "Kwa nini?" Nikishindwa kumweleza akaelewa, tunaweka alama hapo na kesho nampelekea Mzee swali. Kwa wiki tatu alama zilipungua mpaka zikabaki za taa na vipimo vya mzigo unaotokeza nje ya bodi, nikazisomea hizo tu.

Na kama utaanguka, usikimbilie kituoni kupanda gari kwa hasira. Kaa nje hapo hapo chini ya mwembe, toa karatasi, andika kila swali unalolikumbuka kabla halijapotea, hata nusu yake. Mimi niliyaandika kumi na moja nyuma ya risiti ya dizeli. Tisa kati ya hayo nilikuwa nimeyajibu kwa mazoea.