Pilipili manga na manjano kwa mama mwenye presha: swali ni anakunywa na dawa gani

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama ni kweli manjano na pilipili manga, kijiko cha kila kimoja kwenye maji ya moto kila asubuhi, "husafisha damu", maana bi mkubwa kashaanza kunywa na huku ana vidonge vyake vya presha. Wadau wengi hapo juu wamekuorodheshea magonjwa. Mimi nyumbani kwetu ni Muheza, kule juu Amani, tunalima pilipili manga, na kazi yangu ni duka la dawa. Nitakujibu kutoka pande hizo mbili.

Tuanze na punje yenyewe. Tunachuma kichala kikishaonyesha punje moja mbili nyekundu, tunapukuchua na kuanika kwenye turubai. Zinaingia zikiwa kijani, jua likizipiga siku chache zinanyauka na kuwa nyeusi. Anayesubiri ziive zote anagawana na ndege. Ukali wake unatokana na piperini, ambayo Hans Christian Ørsted wa Denmark aliitenga mwaka 1819, yuleyule aliyekuja kuonyesha kwamba umeme huchezesha sindano ya dira. Punje kavu ina piperini kama asilimia 5 hadi 9. Harufu ni habari nyingine, hiyo ni ya mafuta mepesi yanayoruka. Ndiyo maana ukitwanga kwenye kinu nyumba nzima inajua, lakini unga uliokaa dukani unawasha tu bila kunukia. (Unga wa bei ya kutupa mimi siununui kabisa. Mbegu za papai zikikauka zinafanana mno na pilipili manga, na zikishasagwa humo ndani nani atazijua?)

Sasa dawa. Vitu vingi tunavyomeza haviruhusiwi kuingia kwenye damu hivihivi. Utumbo na ini vina vimeng'enya vya kuvivunja, kikubwa kati yao kinaitwa CYP3A4, halafu kwenye ukuta wa utumbo kuna protini inayofanya kazi kama mlinzi wa getini: dawa ikiingia, inasukumwa irudi ilikotoka. Piperini inawazubaisha wote wawili. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa mwilini, na ndiyo inayonifanya niheshimu hii pilipili kuliko sifa zote za kusafisha damu.

Ile namba inayozunguka WhatsApp, kwamba pilipili manga huongeza nguvu ya manjano kwa asilimia 2,000, ni ya kweli. Ni utafiti wa Bangalore, India, mwaka 1998. Watu walipewa gramu 2 za kurkumini, kiini cha manjano, pamoja na miligramu 20 za piperini. Wanaoisambaza hawasemi kwamba kurkumini peke yake karibu haiingii kwenye damu kabisa, na kitu kidogo hivyo hata ukikizidisha mara ishirini bado ni kidogo. Wala hawasemi kwamba geti likiwa wazi halichagui wa kupita. Miligramu 20 hizohizo za piperini kwa siku zilipandisha kiwango cha propranololi kwenye damu, na hiyo ni dawa ya presha. Fenitoini ya kifafa ilipanda kwa supu tu yenye pilipili manga. India wakaligeuza jambo hili kuwa faida: wametengeneza kidonge cha kifua kikuu chenye miligramu 10 za piperini ili rifampisini ipunguzwe kutoka miligramu 450 hadi 200. Mtu hapunguzi dawa ya TB zaidi ya nusu kwa sababu ya kiungo cha mboga kisicho na nguvu.

Piga hesabu ya jikoni. Miligramu 20 za piperini zinapatikana kwenye unga wa pilipili manga usiofika hata robo kijiko cha chai. Bi mkubwa anakunywa kijiko kizima. Pilau haifiki huko, punje chache kwa sufuria nzima, na nyingi zinaishia pembeni mwa sahani.

Dukani alikuja mama mmoja na kijana wake anayetumia kabamazepini, dawa ya kifafa. Kijana anayumba, anaona vitu viwiliviwili, na dozi haijabadilishwa. Kumhoji, akatoa kwenye mkoba kopo la vidonge vya manjano "vyenye piperini" alivyouziwa na mtu wa mtandaoni. Nikamwelekeza hospitali akiwa na lile kopo mkononi. Wakamwachisha, dozi ya kifafa ikabaki ileile, kijana akatulia.

Kwa mafua au tumbo kujaa gesi, chai ya tangawizi yenye punje mbili tatu zilizopondwa hata mimi nakunywa. Inachuruzisha pua, inaleta mate, inachangamsha tumbo. Habari za kutibu kansa bado ni za maabara na panya.

Kwa hiyo mkuu, kijiko cha asubuhi kisimame kwanza. Vidonge vya presha asiache hata siku moja. Kama ni propranololi, au amlodipini na nifedipini ambazo huvunjwa na kimeng'enya hichohicho, muulize kama anapata kizunguzungu akisimama, kama miguu inavimba, na umhesabie mapigo akiwa ametulia. Yakiwa chini ya 60 kwa dakika, au ana dalili hizo, mpeleke kliniki yake leo na useme wazi alikuwa anakunywa nini na kiasi gani. Pilau aendelee kula. Ukishasoma jina la dawa kwenye boksi liandike hapa, ila usipige picha kadi yake ya kliniki ukaiweka humu.