Maswali yenu: kurudia kosa si kufanya mazoezi

Nifanye mazoezi ya gitaa saa ngapi kwa siku ili niwe bingwa? (Msomaji, Mwanza)

Swali hili haliishi kuletwa, na kila anayelileta hasemi anafanya nini ndani ya hizo saa. Wengi mmesikia habari ya saa 10,000, kwamba ukizifikisha kwa mazoezi unakuwa bingwa. Chanzo chake ni utafiti wa Anders Ericsson na wenzake, uliochapishwa mwaka 1993, kuhusu wanafunzi wa fidla mjini Berlin. Saa hizo zilikuwa wastani wa wale bora kufikia umri wa miaka 20, si tiketi ya ubingwa. Kinachosahaulika kila habari hiyo inaposimuliwa ni kwamba walijifungia peke yao wakiwinda kasoro zao, walipumzika katikati, na walilala kuliko kundi la chini. Anza na nusu saa kila siku, simu ikiwa chumba kingine.

Nikikosa wiki nzima, naweza kufidia yote Jumamosi? (Msomaji, Dodoma)

Hapana.

Najifunza udi. Kuna bashraf (kipande cha ala tupu, bila kuimba) naipiga kila siku mwanzo hadi mwisho, kwa miezi minne sasa, na nakosea palepale. Nikaze buti? (Msomaji, Unguja)

Usikaze chochote. Acha kwanza kuipiga mwanzo hadi mwisho, maana miezi yote hiyo umelifanyia mazoezi kosa lako, na sasa vidole vimelizoea. Udi hauna vizuizi shingoni kama gitaa. Kidole kikitua pembeni kidogo tu, sauti imeshapotoka. Kama kipande chako kiko kwenye Bayati, moja ya maqamu (ngazi za sauti) za muziki wa Kiarabu, kazi ni zaidi: sauti ya pili ya Bayati inakaa kati ya kibonye cheupe na cheusi, kwa hiyo hata ukiitafuta kwenye kinanda cha kawaida huipati. Inatafutwa kwa sikio.

Chukua sauti mbili kabla ya kosa na mbili baada yake, basi. Zipige polepole kiasi kwamba aliye chumba cha pili asitambue ni kitu gani kinapigwa. Kabla hujagusa uzi, iimbe sauti unayoitaka. Kisha piga, sikiliza, sogeza kidole. Risha (kile kijiti cha kupigia nyuzi) ikianza kukimbia, simama. Zikitoka safi mara tano mfululizo, ongeza sauti moja kila upande. Halafu nenda kwa mwalimu akusikilize, kwa sababu kosa la mkono wa risha ni gumu kuliona mwenyewe. Na niseme wazi: hizi video za kujifunza udi kwa siku saba zinawaharibu vijana wetu. Video haikusikii.

Kila asubuhi nakimbia kilomita 10 kwa nguvu zangu zote, lakini mwaka sasa muda wangu haushuki. Jamaa wa gym ananishawishi nitumie vidonge. (Msomaji, Arusha)

Vidonge achana navyo leo hii, na huyo jamaa pia. Riadha ya Afrika Mashariki imeshapoteza watu wa kutosha kwa njia hiyo, wengine kwa kufungiwa, wengine kwa afya zao.

Tatizo lako ni hizo nguvu zote kila siku. Mkenya Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni ya Berlin 2022 kwa saa 2:01:09, ni kama dakika 2 na sekunde 52 kwa kila kilomita. Huko Kaptagat, kambini kwake Kenya, chini ya kocha Patrick Sang, hakuwa akikimbia hivyo kila asubuhi. Jumanne ilikuwa ya uwanjani, Alhamisi mbio ndefu, Jumamosi kubadilisha kasi. Siku nyingine zilikuwa taratibu, tena taratibu kweli. Kila zoezi aliliandika daftarini. Wewe punguza: siku mbili za kasi kwa wiki, zilizobaki kimbia huku ukiweza kuongea sentensi nzima bila kutweta. Na nunua daftari.

Leseni ninayo tangu 2021, ila sina gari. Shemeji anataka nimwendeshe hadi Moshi mwezi wa Desemba. Nitaweza? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwa hali ya sasa usithubutu, dada yangu. Leseni inasema ulifaulu siku ile. Mguu ambao haujagusa klachi miaka yote hii hautakumbuka chochote lori litakapokuwa mbele yako kwenye kilima, nyuma basi linapiga honi. Watu wanadhani mazoezi ni ya wanariadha na wapiga muziki, kisha wanapanda gari na familia nzima bila mazoezi yoyote.

Muda bado upo. Mwombe shemeji gari kila Jumapili alfajiri, yeye akae pembeni yako. Anza barabara tupu, kuondoka kilimani bila gari kurudi nyuma. Ukizoea, endesheni wakati wa mvua, kisha usiku. Kupita malori kuje mwisho kabisa. Ikifika Desemba bado unatetemeka, pandeni basi.

Nina miaka 52. Nimechelewa kujifunza kuogelea? (Msomaji, Mombasa)

Hujachelewa, mama. Tafuta mwalimu, simama maji yakiwa kifuani, anza na kupuliza pumzi ndani ya maji. Mara tatu kwa wiki, hata kwa dakika 20, na usiingie baharini peke yako.