Njia yangu itapita Augsburg

Wiki iliyopita mliuliza: "Ukipewa gari na siku tano, ungepita barabara gani, na ungesimama wapi?" Swali hili limenikuta nina ramani mezani. Baba yangu, mwalimu mstaafu wa historia anayeishi Kilwa Masoko, anakuja kunitembelea mwezi Juni hapa Würzburg, kusini mwa Ujerumani, ninakofanya kazi ya uuguzi. Nimeshaomba likizo ya siku tano na gari la kukodi nimelilipia.

Barabara niliyochagua inaitwa Romantische Straße. Ni barabara za kawaida za mashambani zilizounganishwa mwaka 1950 kuwa njia moja ya watalii, wakati Ujerumani ilipokuwa ikijitahidi kuwarudisha wageni baada ya vita. Siku hizi unafuata vibao vya rangi ya kahawia kutoka hapa Würzburg, ukingoni mwa mto Main, hadi Füssen chini ya milima ya Alps, takriban kilomita 460. Ukishika barabara kuu ya magari ya kasi, Füssen unafika kwa kama saa tatu. Sisi tutatumia siku tano, na bado naona ni chache.

Mara ya kwanza nilipita njia hii na wenzangu wa kazini. Tulijaza miji kumi ndani ya siku mbili, na leo siwezi kutofautisha lango la mji huu na la mji ule. Picha zipo kwenye simu, lakini nikiulizwa nani alijenga nini na kwa fedha za nani, sina jibu. Baba atauliza hilo hasa. Kwa hiyo safari hii nimechagua vituo vinne tu, na kila kituo kina jambo la kumweleza.

Tutaanzia nyumbani. Hapa Würzburg kuna kasri la maaskofu watawala, Residenz, na juu ya ngazi zake kuu kuna dari lililochorwa na Mwitaliano Giovanni Battista Tiepolo mwaka 1752 na 1753. Unapanda ngazi taratibu na dunia inafunguka juu ya kichwa chako: Amerika, Asia, Afrika, na Ulaya kwenye kiti cha enzi. Afrika ni mwanamke aliyeketi juu ya ngamia, na karibu naye wapo wafanyabiashara na mizigo yao. Tiepolo hakuwahi kufika Afrika. Nataka Baba asimame pale kwa muda anaoutaka mwenyewe, aangalie jinsi bara lake lilivyofikiriwa na mtu aliyelisikia tu kwa wengine. Usiku wa tarehe 16 Machi 1945 ndege za Waingereza ziliuteketeza mji huu kwa muda usiofika nusu saa, watu wapatao elfu tano wakafa, na sehemu kubwa ya mji wa kale ikawa majivu. Dari lile, lililojengwa na Balthasar Neumann, halikuanguka. Kabla hatujaondoka nitamkumbusha pia kwamba Würzburg ni mji dada wa Mwanza tangu mwaka 1966. Wagonjwa wangu kadhaa wazee walianza kunizoea kwa sababu hiyo.

Siku ya pili ni Rothenburg ob der Tauber. Huu ndio mji unaouona kwenye kalenda: nyumba za mbao na udongo zilizopakwa rangi, mapaa yenye mteremko mkali, na ukuta mzima kuuzunguka. Ushauri wangu kwa yeyote anayeupanga: lala ndani ya ukuta. Mchana mabasi yanamwaga watu kwa mamia, na jioni karibu wote wanaondoka. Kinachonigusa Rothenburg ni kwamba uzuri wake umetokana na umaskini. Baada ya Vita vya Miaka Thelathini, vilivyokwisha mwaka 1648, mji ulidhoofika na haukuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya, ndiyo maana vya kale vikabaki. Halafu tarehe 31 Machi 1945 mabomu yakaharibu sehemu kubwa ya mji wa kale na vipande virefu vya ukuta. Vilijengwa tena kwa michango ya watu wa nchi nyingi, na ukipita juu ya ukuta ule, chini ya paa lake la mbao, unasoma majina yao yaliyochongwa kwenye vibao vya mawe. Katika kanisa la Mtakatifu Yakobo kuna altare ya mbao iliyochongwa na Tilman Riemenschneider mwanzoni mwa miaka ya 1500. Mafundi wa milango ya Lamu na Zanzibar wangesimama mbele yake na kuzungumza na fundi mwenzao.

Dinkelsbühl tutapita kwa chai tu. Ni mji mzuri na umetulia kuliko Rothenburg, ila magoti ya Baba yana miaka 71.

Nördlingen ni kituo kingine. Mji huu umekaa ndani ya shimo lililochimbwa na kimondo kilichoanguka kama miaka milioni 15 iliyopita, shimo lenye upana wa kilomita zaidi ya 20. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani ni volkano. Mwaka 1960 Wamarekani Eugene Shoemaker na Edward Chao walikuta kwenye mawe ya hapo madini yanayotokea tu pale jiwe linapogongwa kwa nguvu kubwa mno, na ubishi ukaisha. Mwaka 1970 wanaanga wa Apollo 14 waliletwa hapa kujifunza mawe kabla ya kwenda mwezini. Kanisa la mjini, lenye mnara wa mita 90 unaoitwa Daniel, limejengwa kwa mawe hayohayo yaliyotokana na pigo la kimondo. Usiku mlinzi wa mnara bado hupaza sauti kutoka juu, "So, G'sell, so!", yaani "Haya, mwenzangu, haya!", kama walivyofanya waliomtangulia. Ukuta wa Nördlingen ni duara kamili, na unaweza kuuzunguka wote kwa miguu bila kushuka. Huko tutatembea alfajiri, kabla jua halijawa kali.

Sasa Augsburg, ambako nimepanga siku mbili.

Mwezi Machi 1505 Mreno Francisco de Almeida aliondoka Lisbon na merikebu zake kuelekea Bahari ya Hindi. Merikebu tatu kati ya hizo zilisafiri kwa mtaji wa wafanyabiashara wa Kijerumani na Kiitaliano, na wakubwa miongoni mwa Wajerumani walitoka Augsburg: kampuni ya ukoo wa Welser iliyotoa fungu kubwa, na kampuni ya ukoo wa Fugger. Walichotaka ni pilipili manga ya India. Mwezi Julai msafara ule uliiteka na kuipora Kilwa, na Agosti ukaichoma Mombasa. Ndani ya mojawapo ya merikebu hizo alikuwemo Mjerumani Hans Mayr, ambaye kumbukumbu zake zimetuachia maelezo ya Kilwa ya siku zile, na nyumba zake za ghorofa za mawe na chokaa. Baba alisomesha habari za Almeida kwa zaidi ya miaka thelathini. Mabaki ya mji wenyewe yako ng'ambo ya maji, Kilwa Kisiwani, na kila mwaka aliwavusha wanafunzi kwa mashua kwenda kuyaona. Lakini vitabu vyake vilisema "Wareno" na kuishia hapo. Nilipompigia simu na kumwambia kwamba sehemu ya fedha ilitoka kwenye mji ulio mwendo wa saa mbili na nusu kutoka kwangu, alinyamaza, kisha akasema, "Mama, nirudie hilo polepole, naandika."

Augsburg ipo makumbusho ya Fugger na Welser, tutaanzia hapo. Kisha Fuggerei, mtaa wa nyumba za maskini ulioanzishwa na Jakob Fugger mwaka 1521, miaka kumi na sita baada ya Kilwa kuporwa. Watu wanaishi humo mpaka leo. Kodi ya mwaka mzima, bila gharama za umeme na joto, ni senti 88 za euro, na mkaaji anatakiwa kusali mara tatu kwa siku kwa ajili ya mwanzilishi na ukoo wake. Nitasema kweli: utajiri wa Fugger ulitokana zaidi na madini ya fedha na shaba na mikopo kwa wafalme, pilipili ilikuwa fungu dogo. Hata hivyo fungu hilo lilipita Kilwa, na nataka Baba apite vichochoro vile akilijua hilo, aone wema na chanzo chake kwa pamoja.

Mambo madogo ya njiani: magari yanaachwa nje ya kuta, na sehemu nyingi za maegesho zinadai kisahani cha karatasi cha rangi ya bluu kinachoonyesha saa uliyofika, kipatie nafasi mbele ya kioo. Jumapili maduka karibu yote hufungwa, nunua maji na mkate Jumamosi. Karibu kila mji una mkahawa wa Waturuki, muulize mwenye duka kama nyama yake ni halali. Juni jua linazama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo Baba atachanganya Magharibi na Isha kama msafiri.

Füssen ipo mwisho wa njia, na karibu yake kasri la Neuschwanstein la Mfalme Ludwig II, ambalo tiketi yake inabidi uikate mapema. Nilikuwa nimeweka siku ya tano kwa ajili yake. Juzi Baba aliniuliza kasri lile lilianza kujengwa lini. Nikamwambia, 1869. "Basi hilo linaweza kusubiri," alisema. "Augsburg nataka siku tatu."