Kurudi kwenye filimbi ya bati: ununue ipi?

Mtu aliyewahi kupuliza filimbi ya bati akaiacha miaka kumi huwa hajasahau nyimbo. Kichwani bado zipo zote. Vilivyosahau ni vidole na pumzi. Anakumbuka alivyokuwa akisikika zamani, anajisikia leo, halafu lawama anaitupia filimbi. Anaingia mtandaoni, anakuta filimbi iliyotengenezwa kwa mkono kwa yuro 250, anaona dawa ndiyo hiyo. Siyo. Nunua kwanza filimbi ya kiwandani ya yuro 10 hadi 20, tena ukiweza nunua mbili za aina tofauti, kisha uzitengeneze kidogo kama tutakavyoeleza. Ya bei mbaya utaichagua vizuri zaidi baada ya miezi mitatu, vidole vikisharudi.

Tuelewane kwanza. Hapa hatuzungumzii filimbi ya refa, wala ile ya plastiki ya shuleni yenye tundu la dole gumba nyuma. Filimbi ya bati ina matundu sita tu, yote mbele, na mdomo wenye upenyo mwembamba unaoielekeza pumzi kwenye makali ya kidirisha, yaani uwazi mdogo uliokatwa mbele ya mdomo huo. Robert Clarke alianza kuzitengeneza kwa bati huko Suffolk, Uingereza, mwaka 1843, na Waayalandi wakaifanya yao. Kwa lugha yao ni feadóg stáin.

La kwanza ni ufunguo, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kwa muziki wa Ireland nunua D. Aliyekulia kwenye kwaya ataelewa upesi: ziba matundu yote sita, puliza taratibu, hiyo ndiyo do, na hiyo do iwe D. Ukifungua tundu moja moja kutoka chini unapata E, F shapu, G, A, B na C shapu. Puliza kwa nguvu zaidi, oktava ya pili (noti zile zile, juu zaidi) inakuja kwa vidole vile vile. Filimbi hiyo hiyo inapiga pia nyimbo za G, kwa sababu C ya kawaida inapatikana kwa kufungua tundu la kwanza (la karibu na mdomo), kuziba la pili na la tatu, na kuacha mengine wazi. D na G ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya rili na jigi (nyimbo za kuchezea dansi) zinazopigwa kwenye baa za vijiji vya Ireland kama Doolin au Miltown Malbay, maana fidla, fluti na uilleann (zumari za mfuko za Ireland) nazo zimekaa hapo hapo. Maduka mengi huuza pia filimbi za C, na kwa macho ni vigumu kuitofautisha na D. Ukiichukua kwa bahati mbaya, ukiwa peke yako nyumbani hutajua kitu. Utajua siku unapoketi na wenzako, kila noti yako ikiwa chini yao kwa toni nzima. Tafuta herufi iliyochapwa kwenye bomba. Isipokuwepo, pima: filimbi ya D ina urefu wa karibu sentimita 30, na tyuna ya simu (programu inayoonyesha noti unayopiga) itamaliza ubishi.

Anayerudi kwa ajili ya kwela ya Afrika Kusini (muziki wa filimbi wa mitaani), ile ya kina Spokes Mashiyane wa miaka ya 1950, au kwela ya Malawi aliyoitangaza Donald Kachamba, D itamwangusha. Huko B flati na G ndizo zilizotawala, na hata mdomo hushikwa vingine: filimbi inalazwa upande, mdomo wake ukaingizwa ndani zaidi kuelekea shavuni. Hiyo ni shule nyingine kabisa, turudi kwenye D.

Baada ya ufunguo, angalia pumzi. Kila filimbi ina ukinzani wake. Yenye njia nyembamba ya pumzi inakurudishia kidogo unapopuliza, na pumzi moja inafika mbali. Yenye njia pana inakunywa hewa kama mchanga unavyokunywa maji. Zamani hukuliona hilo kwa sababu mapafu yalikuwa na mazoezi. Sasa utaliona mwanzoni tu mwa wimbo. Kipimo chake ni rahisi: vuta pumzi ya kawaida, shika G ya oktava ya kwanza bila kutetemeka, hesabu sekunde. Fanya hivyo kwa filimbi mbili mfululizo. Moja ikikupa sekunde 10 na nyingine 18, anza na ya 18 hata kama sauti ya ile nyingine ndiyo inayokuvutia.

Umbo la bomba nalo linasema kitu. Zile zinazopungua upana kuelekea mwisho, kama Clarke ya asili yenye kizibo cha mti (kipande kinachojaza mdomo na kuacha njia ya pumzi tu), zina sauti yenye upepo ndani yake, tamu sana kwa nyimbo za polepole, lakini zinataka hewa nyingi. Clarke Sweetone ina umbo hilo hilo ila mdomo ni wa plastiki, nayo ni rahisi kuipuliza. Kwa anayerudi, sisi tungeiweka hii mkononi mwake mapema. Zile zenye bomba lililonyooka la shaba, kama Generation na Feadóg, zina sauti safi na kali zaidi, na ndizo utakazozisikia kwenye rekodi nyingi za Ireland. Susato ya plastiki ina sauti kubwa, inasikika hata penye akordioni tatu. Kwenye chumba cha kupanga chenye ukuta mmoja na jirani, fikiri mara mbili.

Kuhusu filimbi ya D ya chini, ile ndefu ya karibu sentimita 60 yenye sauti nzito ya huzuni: wengi wanaorudi huikimbilia. Iache kwanza. Matundu yake yameachana mno kwa ncha za vidole, hivyo inabidi uyazibe kwa pingili za kati, na mshiko huo unajifunzwa upya hata na aliyekuwa hodari wa filimbi ndogo.

Ukiwa dukani, au filimbi ikikufikia kwa posta, ijaribu kwa utaratibu huu. Ishike mkononi dakika mbili ipate joto, kwa sababu filimbi baridi iko chini ya noti yake. Puliza noti ya D ya chini (matundu yote yamezibwa) kwa upole kabisa: isimame yenyewe, isiruke oktava. Panda mpaka B ya juu. Hapo kelele kidogo ni kawaida, ila noti isikatike. Kisha piga D ya chini na D ya juu huku ukitazama tyuna. Tofauti ya senti 10 (senti 100 ni nusu toni) unaweza kuisawazisha kwa pumzi. Ikifika 30, irudishe. Mwisho piga ile C ya kawaida. Filimbi nyingi za bei nafuu huipandisha kidogo, nawe utaizoea. Filimbi za kiwandani hazifanani hata zikitoka kwenye boksi moja, kwa hiyo muuzaji akikuruhusu kujaribu tano, jaribu tano.

Na ile ya zamani iliyolala kwenye droo? Usiitupe, ila ikague. Tazama mdomo wa plastiki pale unapoingia bombani: plastiki hupasuka kwa urefu, ufa mwembamba kama unywele, na hewa inayovujia hapo inaua noti za chini. Angalia makali ya kidirisha. Yakiwa na kipele au mkwaruzo, sauti itakuwa na mchakacho usioisha. Njia ya pumzi isafishe kwa ukanda wa karatasi ngumu na maji vuguvugu yenye sabuni, usitumie waya wala pini. Filimbi kuukuu ya kurithi ambayo kizibo chake ni cha madini laini ya kijivu, itundike ukutani. Baadhi ya filimbi za kale zilitengenezwa kwa kizibo cha madini ya risasi, na risasi si kitu cha kuweka mdomoni.

Mdomo ukiwa umegandishwa kwa gundi, kama zilivyo nyingi za kiwandani, huwezi kutyuni. Ulegeze. Chovya mwisho wenye mdomo kwenye maji ya moto, yasiwe yanayochemka, kwa nusu dakika hadi dakika moja. Funga kitambaa, shika mdomo mkono huu na bomba mkono ule, zungusha taratibu bila kukunja. Usipoachia, rudia, wala usitumie koleo: shaba ya bomba ni nyembamba na ikibonyea haitengenezeki. Sasa unaweza kuuvuta mdomo nje kushusha sauti. Ila fahamu mpaka wake. Kila milimita moja inashusha D ya chini kwa karibu senti 6, lakini C shapu (matundu yote wazi) inashuka kwa karibu senti 11, kwa sababu bomba linalofanya kazi hapo ni fupi zaidi. Ukivuta milimita tatu bado mnaelewana. Ukivuta nane, filimbi inagombana na nafsi yake.

Jambo hili linamhusu zaidi anayepuliza Mombasa au Muscat kuliko aliye Galway, Ireland. Hewa ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 30, sauti ya bomba hupanda, na hesabu ya karatasi inasema karibu senti 30, ingawa joto la pumzi yako mwenyewe hupunguza tofauti hiyo. Filimbi ambayo mdomo wake umegandishwa kwa gundi itakuwa juu ya noti za gitaa la mwenzako jioni nzima.

Tengenezo la pili ni la kizibo. Chungulia mdomo wa plastiki kwa chini: mara nyingi utaona uwazi chini ya njia ya pumzi, nyuma kidogo ya kidirisha. Uwazi huo unavuruga oktava ya pili. Chukua gundi laini ya kubandikia picha ukutani, ile inayofinyangika kama unga uliokandwa, jaza uwazi mpaka uwe sawa na ukuta wa kizibo, usawazishe kwa ncha ya penseli. Isijitokeze hata kidogo kuelekea kidirisha. Kwa filimbi nyingi za bei nafuu, G na A za juu huacha kupiga yowe siku hiyo hiyo.

Sasa yowe likibaki, kabla hujailaumu filimbi tena, fanya upelelezi. Likitokea kwenye noti ile ile kila mara, ni kidole. Likitokea popote, ni maji kwenye njia ya pumzi au filimbi yenyewe. Kwa vidole kuna ushahidi usiodanganya: ziba matundu yote sita, kandamiza kwa nguvu sekunde tano, kisha geuza mikono utazame. Kila kidole kinatakiwa kuwa na alama ya duara kamili katikati ya nyama laini, si kwenye ncha. Ukiona nusu duara kama mwezi mchanga, hapo ndipo hewa inapotokea, na mara nyingi ni kidole cha pete cha mkono wa chini. Anayerudi huwa anakunja vidole kama anayeandika kwenye kompyuta. Vilaze. Na usiendelee kukandamiza hivyo wakati wa kupiga. Mguso mwepesi unatosha duara likiwa kamili, na mkazo ndio unaochosha kiganja kabla ya wimbo wa tatu.

Maji ni suala la kila siku. Pumzi yenye joto ikikutana na plastiki baridi inaacha matone, sauti inakuwa kama ya mtu mwenye mafua. Ziba kidirisha kwa kidole, bila kugusa makali, upulize mara moja kwa nguvu. Yakirudi kila baada ya dakika chache, dondosha tone la sabuni ya vyombo lililochanganywa na maji kwenye njia ya pumzi, liache likauke bila kusuuza. Maji hayatajikusanya tena kuwa matone, yatatandaa na kupita. Ladha ya sabuni utaisikia siku mbili.