Pumba, zebaki na mgomba: majibu kwa wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza habari za tafiti za vyuo vikuu zinazogeuza vitu vya kutupwa kuwa dawa au chujio. Najibu nne.

Shikamoo mwalimu. Huku Ubaruku pumba za mpunga zinarundikwa nyuma ya mashine na kuchomwa. Mwanangu aliye chuo anasema zinatengeneza mfupa. Ananidanganya?

Marahaba, mama. Hakudanganyi, ila ameruka hatua nyingi. Mpunga hunyonya silika, yaani madini yanayofanya mchanga na kioo, udongoni na kuiweka kwenye ganda. Ukikoboa kilo 100 unapata kama kilo 20 za pumba. Ukizichoma zinabaki kama kilo 4 za majivu, na sehemu kubwa ya majivu hayo ni silika.

Mwaka 1969 Larry Hench wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, alitengeneza kioo chenye silika asilimia 45, kilichobaki kikiwa sodiamu, kalisi na fosforasi. Alisukumwa na mazungumzo na kanali aliyetoka vita vya Vietnam, aliyemweleza habari za askari waliokatwa viungo kwa kuwa mwili ulikataa vipandikizi vya wakati ule. Kioo hicho kikikutana na majimaji ya mwili huota utando unaofanana na madini ya mfupa, na mfupa hukishika. Leo madaktari wa mifupa na meno wanakitumia. Watafiti wamekwisha kutengeneza kioo cha aina hiyo maabarani kwa silika ya pumba, lakini kutoka hapo hadi mguu wa mgonjwa ni majaribio ya miaka mingi.

Kinachonitia hofu mimi ni moto wenu. Pumba zikiungua kwa joto la wastani, chini ya nyuzi 700 hivi, silika haigandi kuwa fuwele. Joto likizidi sana, fuwele hutokea, na vumbi lake hujeruhi mapafu na linaweza kuleta saratani. Rundo linalowaka usiku kucha hakuna anayelipima joto. Ndiyo maana mkemia peke yake hatoshi. Anamhitaji daktari wa kifua, na wote wawili wanamhitaji mwenye mashine. Kwa sasa, anayezoa majivu ayanyunyizie maji kwanza, na avae barakoa.

Mwalimu, sisi wachimbaji wadogo wa Chunya tumesikia kuna mkaa unaokamata moshi wa zebaki. Tukiuweka kwenye kibanda cha kuchomea dhahabu yenye zebaki tutakuwa tumepona?

Mtapunguza madhara, ndugu zangu, lakini hamjapona. Mkaa huo umejaa vitundu vidogo mno: gramu moja tu ukikunjua kuta zake zote hupita uwanja wa netiboli. Ukitiwa salfa hushika zebaki vizuri zaidi. Lakini zebaki haiozi. Mkaa ukishajaa ni sumu, na ukitupwa kwenye marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu, mvua itaichukua sumu hiyo. Mito ya Chunya huteremkia Ziwa Rukwa. Wanaokula samaki kule hawajawahi kuona karai lenu.

Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, kwa hiyo anzeni na chombo kilichofungwa chenye bomba la kupoozea, mvuke urudi kuwa kimiminika. Mkaa ufuate baadaye. Mkataba wa Minamata, ambao ni mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki na Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unazitaka nchi zikomeshe kuchoma donge la dhahabu na zebaki mahali pa wazi na kwenye makazi ya watu.

Nyuzi za mgomba zinafaa kwa taulo za kike? Tuko Tukuyu, migomba tunayo tele.

Zinafaa, dada, zikishachemshwa kwenye magadi makali, zikasuuzwa vizuri na kulainika. Ukiletewa za kununua, uliza zimepimwa vimelea wapi, na safu ya chini ni ya nini. Ikiwa ni plastiki, shimo la choo cha shule litajaa kama kawaida.

Nipo kidato cha sita PCB (fizikia, kemia na biolojia), Iringa. Nataka kusomea mambo haya.

PCB inakutosha, mwanangu, ila usiikimbie hesabu. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kiko jirani, ulizia huko. Likizo hii nenda mashineni, upime gunia la mpunga kabla ya kukoboa, kisha uzipime pumba zake. Niandikie umepata kilo ngapi.